Nilivyompeleka Nestori Manyovu

Jumatatu, 12 Mei

Kola, kola, kola. Moja nimeiharibu, nikaifumua, nikaanza upya. Idi iko mlangoni na mji mzima umekumbuka leo kwamba hauna kanzu. Mgongo unauma. Wateja wote nimewaambia "Ijumaa" na wote wameniamini. Mungu anisamehe.

Nestori kachelewa kufungua. Kibaraza chetu ni kimoja: mimi na cherehani yangu upande wa jua la asubuhi, yeye na baiskeli zake upande wa pili. Kafika anasukuma baiskeli ya mtu, nikampokea kama kawaida: "We Mrundi, nani kakuruhusu kulala mpaka saa hizi kwenye nchi ya watu?" Akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Nikamwambia hiyo shikamoo yako ina pancha, kaizibe kwanza ndiyo uniletee. Wateja walicheka mpaka mmoja akaondoka bila kupimwa mkono.

Ndiyo desturi yetu. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Waha, na Kiha na Kirundi ukivisikiliza kwa mbali ni lugha moja, basi Nestori nilimwingiza kwenye utani tangu siku aliyokuja kupanga kwangu. Miaka imepita. Fundi mzuri, rimu iliyopinda anaijua kwa kuisikiliza tu ikizunguka. Mkewe Konsolata na mke wangu wanachota maji bomba moja na kuazimana mkaa. Watu wema.

Jumatano, 14 Mei

Kijiweni jioni, kahawa. Tulikuwa walewale. Mimi, Seif mwenye duka la nguo mkabala na kwangu, na Mwinshehe, Mzaramo aliyestaafu reli akagoma kurudi kwao pwani. Mwinshehe ni mtani wangu wa haki. Utani wa babu zetu, wa enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka na mizigo mpaka pwani na Wazaramo wakiwapokea. Na kuwaibia, nasema mimi. Na kuwafundisha kuoga, anasema yeye. Hatujamaliza salamu tumeshatukanana.

Kaja binti mtangazaji wa redio ya hapa mjini. Jumamosi wana mdahalo, moja kwa moja hewani. Mada: nchi ibaki kwenye Jumuiya hii ya nchi jirani au ijitoe? Kasema wasomi wamemchosha, anataka watu wa vijiweni. Wote wakaninyooshea kidole mimi. Nikakataa. Nilijifanya kukataa tu, moyo ulishaitikia zamani.

Nimepewa upande wa kujitoa. Sikulalamika. Hasira na Jumuiya ninayo. Sare za shule zinaingia nchini zimeshashonwa, marobota kwa marobota, bei ambayo mimi hata kitambaa sikipati. Zamani Januari peke yake ilinilisha mpaka masika. Siku hizi Januari naletewa vifungo vilivyodondoka. Seif anasema hiyo si Jumuiya, hiyo ni dunia. Seif ndiye anayeziuza hizo sare.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeihutubia cherehani siku nzima. Mke wangu kanisikia, kauliza nazungumza na nani. Nimesema na taifa. Kasema taifa lina njaa, njoo ule.

Ninachoogopa ni kuchosha watu. Afadhali nizomewe.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeshinda!

Ukumbi wa shule ulijaa, wengine wakaning'inia madirishani. Upande wa kubaki alianza mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima, na mambo yake ya forodha na soko la pamoja. Watu wakaanza kuchungulia simu. Nikaona leo kazi nyepesi. Kisha akasimama mama wa Bukene, mfanyabiashara wa mpunga. Huyo alikuwa na moto. Kasema wanunuzi wa Rwanda na Burundi wasipofika Bukene, mpunga anauuza kwa bei ya kuku mgonjwa. Kasema malori yakikwama mpakani, mpunga unapata unyevu na wanawe wanakosa ada. "Mkijitoa nimuuzie nani? Huyu fundi cherehani? Yeye na tumbo lake hilo atamaliza magunia mangapi?" Ukumbi ukapiga makofi. Tumbo langu likatazamwa na kila mtu.

Zamu yangu. Nikaanza na sare. Nikasema ukweli wangu, kwamba jirani anayekuja kila siku kula sinia lako na kwake hajawahi kukuwashia jiko, huyo si mwenzako. Wakaanza kuitikia. Hapo ulimi ukapata mteremko. Nikasema: "Mimi sina haja ya kusubiri bunge. Tukijitoa leo, kesho alfajiri namchukua Nestori wa kibarazani kwangu, namfunga kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe, pampu namshikisha mkononi, nakanyaga mpaka Manyovu mpakani. Namtua. Namwambia haya bwana, Jumuiya imekwisha, jijaze upepo uende!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtangazaji kaishiwa pumzi. Kura ilipopigwa kwa mikono, upande wangu ulifunika. Yule mama wa Bukene hajajibiwa mpaka sasa, lakini nani alikumbuka?

Nestori alikuwepo, nyuma kabisa, mlangoni, na Konsolata. Nilimnyooshea kidole nilipotaja jina lake ili watu wamwone. Alicheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka.

Jumapili, 18 Mei

Njia nzima ni "Mzee wa Manyovu!" Bodaboda kanirudisha bure kutoka sokoni. Muuza nyama kanikatia na ya juu. Wanawake wasionijua wananisalimia. Kumbe sifa ni tamu hivi.

Mke wangu kanuna. Sijamuuliza kwa nini. Sitaki kuharibiwa siku.

Jumanne, 20 Mei

Watoto wa shule wamepita wakimwimbia Nestori. "Manyovu! Manyovu! Jijaze upepo!" Wamekwishaitungia na makofi. Nestori hakuinua kichwa kwenye gurudumu. Nikawafokea. Wakadhani naigiza, wakaimba zaidi, wakanipungia mikono.

Haikuishia kwa watoto. Mtu mzima, mteja wa siku zote wa Nestori, kaleta baiskeli, kasema: "Ziba haraka kabla hujafungwa keria." Kaniangalia mimi huku akicheka, kama vile mimi ndiye mwenye wimbo nastahili kutunzwa. Nestori kajibu, "Sawa, bosi."

Hajawahi kumwita mtu bosi pale kibarazani. Sikuipenda.

Alhamisi, 22 Mei

Mtendaji wa mtaa kapita na mgambo. Kwingine hawakusimama, kwetu tu. Kataka kibali cha Nestori cha kuishi nchini. Kipo, anatembea nacho kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Kinakaribia kuisha. Siku zote kinahuishwa bila maneno, ila safari hii mtendaji kasema aje ofisini Jumatatu na mwenyeji wake, mtu wa kumsemea. "Wananchi wanauliza," kasema.

Wananchi gani? Nawajua. Ni wale waliopiga makofi.

Mwenyeji wake ni mimi. Nikamwambia Nestori, ondoa wasiwasi, nitasema. Kasema asante, mzee. Akaurudisha ule mfuko kifuani, akafunga vifungo vyote.

Jioni mke wangu kavunja kimya. Kasema Konsolata siku hizi hatoki kuchota maji mchana, anachota kabla watu hawajaamka. Kasema, "Wewe mwanaume una mdomo kama mlango wa duka, kazi yake kufunguliwa tu." Nikasema ulikuwa utani. Kaenda kupepeta mchele wake.

Jumamosi, 24 Mei

Zuhura kapiga simu. Binti yangu huyu yuko Kigali, anafundisha Kiswahili shule ya watu, Mungu amjalie. Sauti yangu ya ukumbini imemfikia kwenye simu. Imefika hadi huko! Nikauliza kama kacheka.

Kasema, "Baba, walimu wenzangu waliniuliza kama huyu mzee ni wa kwetu. Nimesema simjui."

Nikasubiri amalizie kwa kucheka. Hakucheka. Kauliza afya ya mama yake, kaaga.

Nilipokuwa nasema tujitoe, Zuhura hakunipitia kichwani hata kidogo. Mwanangu sijawahi kumhesabu kuwa ni mgeni wa mtu. Mgeni ni mtoto wa mwenzangu.

Jumatatu, 26 Mei

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ofisini. Watu wamejaa kwenye mabenchi. Nestori kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa, mimi kanzu. Konsolata kabaki nje kwenye kivuli cha ukuta. Tukaitwa. Mtendaji kuinua macho tu: "Ahaa! Mzee wa Manyovu mwenyewe! Umeshamleta? Baiskeli iko wapi?"

Wakacheka wote. Karani, mgambo, wa kwenye mabenchi wakasimama kuchungulia.

Na mimi nikacheka.

Wala halikuwa tabasamu la adabu. Nilicheka kwa raha, kwa sababu walikuwa wamenifurahia na mimi napenda kufurahiwa kupita kiasi. Tena nikaongeza langu. Nikasema baiskeli imepata pancha, bwana mtendaji, na fundi mwenyewe ndiye huyu tumemkamata. Wakacheka tena. Nikasikia raha tena. Nestori amesimama pembeni yangu na shati lake.

Baadaye ndiyo nikasema niliyojia. Kwamba ni mtu mwema, mchapakazi, hana ugomvi na mtu. Kweli tupu. Lakini nani atamsikiliza mtu aliyetoka kumchekesha sasa hivi? Mtendaji kapangusa machozi, kasema, "Mzee, hewani umesema arudishwe, hapa unasema abaki. Tushike lipi? Njooni wiki ijayo. Na aje na mtu mwingine."

Mtu mwingine.

Nilimtazama Nestori mara moja tu. Alikuwa anatazama kucha zake, ile grisi isiyotoka. Tulirudi kwa miguu, yeye na mkewe mbele, mimi nyuma. Hakuna aliyenisubiri, na sikukaza mwendo.

Jumanne, 27 Mei

Sikushona. Nimesema naumwa. Naumwa kweli, aibu.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kijiweni kutafuta wa kunitetea. Nikawaeleza: jamani mnanijua, yule ni mtani wangu, mtani hakasiriki. Nilitegemea Mwinshehe atacheka kwanza kisha anitukane, nipate nafuu. Katua kikombe chini.

"Mtani wako kwa nani? Babu yake na wako walizikana wapi? Mimi ukinitukana nakurudishia kabla hujafumba mdomo. Yule kakurudishia lini?"

Nikaagiza kahawa nyingine.

Seif, mpole siku zote, naye kasema jambo. Kasema babu wa babu yake aliletwa Tabora na msafara, Mwarabu wa Omani hana hata Kiswahili, akaoa hapa, akazikwa hapa. "Kila nikisikia mtu anasema wa kuja warudi kwao, natazama viatu vyangu." Kumbe naye alikuwepo ukumbini ile Jumamosi. Sikumwona. Nilikuwa nawatazama wanaocheka tu.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekaa kwenye cherehani natafuta. Tusi moja. Neno moja tu ambalo Nestori alinirudishia, miaka yote hii.

Nilimwambia mbele ya wateja kwamba Warundi hata ndotoni wanaota maharage. Alicheka. Alipopata mtoto nikamwambia hongera, umetuongezea mzigo. Alicheka, akaniletea soda. Paa lilipovuja upande wake nikamwambia usinung'unike, mgeni hulala panapobaki. Alicheka, akapanda mwenyewe juu kuziba. Na upande wangu akauziba hapohapo.

Mtani angeniambia: ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka utosi ukawa bapa kama meza. Mwinshehe ananiambia hivyo kila wiki, na Nestori anamsikia, amekaa palepale na spana. Lugha anaijua. Nafasi alikuwa nayo. Hakuwahi.

Halafu ile shikamoo. Nani anamwamkia mtani wake kila siku ya Mungu?

Mkuki kwa nguruwe. Nilikuwa namtukana mpangaji wangu, basi, na yeye alikuwa anaulipa utani wangu kama kodi ya pili. Na mimi nilikuwa najiona mtu wa watu! Najichukia leo. Naandika hivyo hivyo, najichukia.

Ijumaa, 30 Mei

Baada ya sala nimekwenda redioni. Nikamwambia yule binti nataka kusema hewani kwamba nimekosa. Kafurahi mno, kaniweka kipindi cha mchana. Kwanza karudia sauti yangu ya ukumbini, yote, mpaka "jijaze upepo". Nikalazimika kukaa na kuisikiliza. Sauti yangu mwenyewe. Nina sauti ya mtu aliyeshiba.

Kisha kasema, "Haya mzee wetu, una nyongeza gani?"

Nyongeza!

Nikasema Nestori ni jirani yangu na nilimdhalilisha. Nikasema hasira ya sare bado ninayo, sijaitupa, na kama nchi itabaki kwenye Jumuiya au itatoka, hiyo ni hesabu ya kupigwa na watu waliotulia, ikiwa na mpunga wa Bukene ndani yake na cherehani yangu ndani yake. Kumfunga mtu kwenye baiskeli si hesabu. Nadhani nilisema hivyo. Simu ya kwanza ikaingia, mtu wa Ipole, anacheka kabla hata ya salamu: "Mzee, kwa hiyo Manyovu mlifika au mlipata pancha njiani?"

Binti kacheka. Fundi mitambo kacheka nyuma ya kioo. Muda ukaisha, wakapiga muziki.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yangu bado yanatiririka mpaka Ipole.

Jumapili, 1 Juni

Nestori hajafungua siku za karibuni. Leo nimekwenda kwake. Si mbali, uchochoro wa nyuma tu. Nilipofika mlangoni ndipo nikagundua kwamba sijawahi kuingia. Wao huja kwangu Idi, wamekuja kwangu msibani mama alipofariki, Konsolata alipika siku zote zile. Mimi mlango wao nimeujulia leo.

Konsolata kanipa kigoda na maji, kaingia ndani. Nestori kakaa kwenye mkeka.

Nikamwomba msamaha. Kasema, "Yamekwisha, mzee." Upesi mno, kama anavyomjibu mteja mwenye haraka. Nikamwambia hayajakwisha. Nikamwambia, nitukane. Hapahapa, mkeo anasikia. Nitukane mimi, kabila langu, ukoo wangu, chochote, moja tu, tuwe sawa. Nilikuwa namaanisha. Machozi yalikuwa karibu, mzee mzima mimi.

Akawaza. Nilimwona anawaza kweli, anataka kunipa nilichoomba kama ambavyo hunipa kila ninachoomba. Kisha akasema, taratibu, kwa heshima zote:

"Mzee, wewe ukinitukana watu wanacheka. Mimi nikikutukana, watu wanasimama."

Nikanywa maji yote. Hayakuwa na ladha. Nilipomaliza alinisindikiza mpaka barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

Jumatano, 4 Juni

Seif ndiye aliyekwenda ofisini na Nestori. Kafunga duka, kavaa kofia, kasimama mbele ya mtendaji, kasema maneno machache. Kibali kitahuishwa. Nimeambiwa na Mwinshehe, Seif mwenyewe hakunieleza.

Alhamdulillahi. Nimefurahi kweli. Na furaha yenyewe inachoma, maana kumbe kazi ilikuwa nyepesi. Ilitaka mtu wa kusimama na kutocheka.

Basi amebaki. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Amebaki, amebaki. Kesho atafungua.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Uwanja mweupe kwa kanzu, nyingi zimetoka mkononi mwangu. Watu wamenipongeza kwa kola. Wengine kwa Manyovu.

Konsolata na watoto hawakuja. Kila Idi huja. Mke wangu kawapelekea sahani, na sahani imerudi imeoshwa, ina ndizi mbivu ndani, kwa adabu. Ndipo mke wangu akaniambia. Wanahama. Wanakwenda Goweko, mkoa huuhuu, wana ndugu wa kanisani kwao kule, na wakulima wa tumbaku hawaishi kuvunja baiskeli. Kibali kimetoka, mtu anaweza kukaa popote.

Nchi inamtaka. Anayekimbiwa ni mimi.

Nyama sikuigusa. Nimewaambia wageni ni jino.

Jumatatu, 9 Juni

Kaja kuaga. Kabeba spana zake kwenye gunia, kafagia upande wake wote, mpaka na chini ya benchi langu. Ukutani kuna ndoano aliyoipigilia ya kutundikia matairi. Nikamwambia aichukue, ni yake. Kasema imeshikana na ukuta, mzee, nikiing'oa nitabomoa plasta yako.

Nikataka kusema neno. Naapa, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa utani. Palepale! Baada ya yote! Nimeshakifungua kinywa. Nikalimeza. Na nilipolimeza nikatafuta lingine, sikulipata. Umri wote huu, na mdomo wote huu, nje ya mzaha sina neno la kumwambia mtu ninayempenda.

Kasema, "Shikamoo, mzee." Nikasema, "Marahaba." Kapakia gunia kwenye keria, kaondoka.

Jumanne, 17 Juni

Kazi imepoa baada ya Idi. Natia vifungo vya mashati ya shule. Asubuhi baridi, mchana vumbi.

Mama mmoja kaja anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala, gunia la karanga kwenye keria. Kaangalia upande wa pili, hakuna kitu. Kauliza fundi yuko wapi. Nikasema amehama.

"Amerudi kwao?"

Nikasema hapana, yuko Goweko.

"Kwa nini jamani, na wateja wote hawa?"

Nikaacha sindano. Nikamwambia, "Nilimfukuza mimi. Kwa mdomo wangu."

Kanitazama vizuri. Kanitambua. Kacheka mpaka kashikilia usukani kwa mikono miwili. "Mzee wa Manyovu, wewe! Huishiwi vituko!"

Nikamwelekeza kwa fundi mwingine, kule njia ya stesheni. Kaondoka anasukuma, mabega yake bado yanatikisika kwa kicheko. Nikarudi kwenye vifungo.